Mabeki watatu au wanne? Kocha, turudi kwenye wanne

Tangu kocha wetu ahamie 3-5-2, yaani mabeki watatu, viungo watano na washambuliaji wawili, ubishi wa vijiweni hapa Kirumba, Mwanza, haulali. Mimi niko upande wa 4-4-2, wenye mabeki wanne na viungo wanne.

Sisemi mabeki watatu ni mfumo mbovu. Kocha Antonio Conte aliugeukia pale Chelsea mwaka 2016 baada ya kuchapwa 3-0 na Arsenal, akashinda mechi 13 za ligi mfululizo na kubeba ubingwa. Lakini pembeni alikuwa na Moses na Alonso, watu wa kupanda na kushuka dakika 90. Wetu wanapanda, kurudi ndiyo kazi. Jumamosi nilikaa jukwaani upande wa kushoto, nikaona kwa macho yangu: tukipoteza mpira, beki wa kati anavutwa mpaka kwenye chaki, anamnyooshea mwenzake mkono, na winga wao ameshamimina krosi. Mabao mawili, njia ileile!

Kwenye 4-4-2 kila ubavu una beki na winga wanaosaidiana kukaba. Kweli, katikati tunapungukiwa kiungo mmoja, na tukicheza uwanja wa Nyamagana, kwenye nyasi bandia ambako pasi fupi zinatembea haraka, pengo hilo litauma. Mechi za namna hiyo, sawa, aanze na watatu. Nyingine zote, hapana.

Na yule kijana wa winga ya kulia amtoe benchi aanze. Washambuliaji wetu wawili wana vichwa vizuri, wanakosa wa kuwapigia mpira.