Ndoto ya utotoni: mchapishaji au Nasser Road?

Umestaafu, hadithi ulizoanza ukiwa P6 (darasa la sita) bado ziko sandukuni. Uzipeleke kwa mchapishaji au ujichapishie mwenyewe Nasser Road, mtaa wa wapiga chapa wa Kampala?

Kwa gharama, mchapishaji kama Fountain, aliyeanza 1988, anashinda: uhariri, jalada na uchapaji ni juu yake, nawe unapata mrabaha, yaani fungu lako la mauzo, mara nyingi karibu asilimia 10. (Akikuomba hela za kuchapa, huyo anawinda pensheni yako tu.) Ila wachapishaji wetu huishi kwa vitabu vya shule. Riwaya ya mgeni hukaa foleni, na jibu laweza kuwa hapana. Hadithi za watoto kwa Kiswahili zina nafasi zaidi, kwani Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda lilipendekeza kifundishwe kwa lazima shuleni.

Nasser Road hawakatai mswada. Huo ndio utamu wake, na ndiyo sumu yake. Mhariri umlipe wewe, ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu) uifuate Maktaba ya Taifa, maboksi ulale nayo chumba kimoja. Mimi ningebana hela za jalada, si za mhariri. Kwa kasi na uhuru hakuna mshindani: wiki chache tu, unakishika kitabu.

Usambazaji? Mchapishaji, bila ubishi.

Mwenye miaka 72 anayetaka wajukuu wamsome Krismasi hii, achape nakala 100. Mwenye 50 anayetaka kufika madarasani, apange foleni. Mwanamke abishe pia hodi FEMRITE, chama cha waandishi wanawake wa Uganda; wanawake huko husomeana miswada.