Kioo kipya, nukta ya kijani: uzoefu wangu na mashine ya gemu ya mkononi niliyoagiza Pemba

Mashine yenyewe naipenda, na nianze na hilo ili msomaji asije akafikiri nimekuja kuiponda. Vitufe vyake vimekaa vizuri mkononi, betri inavumilia, sauti inatoka safi, na gemu za mpira zinakwenda bila kukwama. Ninachotaka kukieleza kwa kirefu ni kioo, kwa sababu ndicho kilichonisumbua, na ndicho wauzaji wetu wengi wanachokipitia juu juu. Jina la duka na la kampuni nayaacha. Yaliyonikuta yanaweza kutokea kwenye kifaa chochote chenye kioo cha LCD, yaani kile kinachomulikwa na taa kutoka nyuma.

Mimi nakaa Chake Chake. Duka liko Mlandege, Unguja. Mtu aliye Mjini ana nafasi ya kuingia dukani, akawashiwa mashine mbele yake, akaigeuza huku na huku kabla ya kutoa pesa. Sisi wa Pemba mara nyingi tunanunua kwa picha za WhatsApp: unatumiwa bei, unatuma pesa kwa simu, mzigo unapandishwa boti, unakwenda kuupokea Mkoani. Kitu umeshakilipia kabla hujakishika. Kwa hiyo kabla ya kutuma hata shilingi nilimwandikia muuzaji sharti langu: kioo kiwe hakina nukta wala doa, na kikiwa nalo anibadilishie. Akajibu, “Ondoa shaka kaka, mpya kabisa, hata boksi halijafunguliwa.” Ujumbe ule niliuhifadhi, na hatimaye ndio ulioniokoa.

Mashine ilipofika niliona vidoa viwili vitatu karibu na ukingo wa juu. Hivyo vilikuwa vumbi tu lililonasa chini ya protekta. Kujua ni rahisi: zima mashine, mulika tochi kutoka ubavuni, uangalie. Vumbi linaonekana hata kioo kikiwa kimezimwa. Nukta mbovu ya kioo haionekani mpaka kiwake. Nilinyanyua protekta pembeni, nikalinasa vumbi kwa selotepu, nikairudisha. Likaisha hilo.

Tatizo lenyewe aliliona mpwa wangu gemu lilipokuwa linafunguka, skrini ikiwa nyeusi. “Mjomba, hapa katikati pana kitu cha kijani.” Nikatazama. Ni nukta ndogo kuliko chembe ya mchanga, lakini inang'aa, na ikishaonwa jicho halitulii tena, linairudia kila mara.

Jambo la kwanza nililofanya ni kupiga picha ya skrini kwa mashine yenyewe, kisha nikaifungua picha ile kwenye simu. Nukta haikuwemo. Hapo nikajua kwamba gemu halina kosa wala programu haina kosa, ubovu uko kwenye kioo. Picha ya skrini inachukua kile ambacho mashine imekiamuru kioo kionyeshe, haichukui namna kioo kilivyokionyesha. Kipimo hiki ni cha bure na kinakata maneno mengi ya dukani.

Kisha nikatengeneza picha tupu za rangi moja moja: nyeusi, nyeupe, nyekundu, kijani na buluu, nikazifungua moja baada ya nyingine zikajaza skrini nzima. Kwenye nyeusi nukta ilikuwa kijani. Kwenye nyekundu iligeuka manjano. Kwenye buluu ikawa kama rangi ya maji ya bahari kifundoni. Kwenye nyeupe na kijani ilipotea kabisa. Ukielewa kioo kinavyofanya kazi, mabadiliko hayo yanakwambia kila kitu. Kila nukta ya kioo cha LCD ina sehemu tatu: nyekundu, kijani na buluu. Nyuma yake kuna taa inayowaka muda wote, na kila sehemu ina mlango wake unaofunguka na kufunga kupitisha mwanga, ukiongozwa na transista yake ndogo. Yangu sehemu ya kijani mlango wake ulikwama wazi. Rangi yoyote inayoitishwa pale, kijani kinajiongeza: kikichanganyika na nyekundu kinatoa manjano, na kwenye nyeupe, ambapo kijani kinahitajika hata hivyo, huoni tofauti. Mlango ukikwama umefungwa, mambo yanageuka: ubovu unaonekana kwenye nyeupe, na kwenye nyeusi unajificha. Ndiyo maana anayepima kioo kwa ukurasa mweupe peke yake hajapima.

Nukta iliyokufa, ile inayobaki nyeusi daima, mara nyingi haina tiba. Iliyokwama ikiwaka, kama yangu, mara nyingine hurudi. Kuna programu na video zinazobadilisha rangi kwa kasi pale pale palipo na ubovu, ili mlango ule uchezwechezwe mpaka uachie. Niliiacha mashine usiku kucha ikiwa kwenye chaja, imelazwa kifudifudi, kwa kuwa mwanga ule wa kumweka haumfai mtu kuutazama na unaweza kumdhuru mwenye kifafa. Asubuhi nukta ilikuwa pale pale. Nikarudia. Haikuondoka. Fundi mmoja wa simu alinishauri niibonyeze kwa ncha ya kalamu iliyofungwa kitambaa. Nilikataa, na ningemshauri kila mtu akatae. Kioo cha LCD kina kimiminika ndani yake kati ya vipande viwili vyembamba vya glasi, na kukigandamiza kunaweza kuongeza nukta mbovu au kuacha doa la kudumu. Zaidi ya hapo, ukishaacha alama ya kubonyeza, muuzaji anapata la kusema.

Na muuzaji alikuwa nalo. Nilipompelekea video alinijibu kwa sauti: “Yakhe, nukta moja si ubovu. Vioo vyote ndivyo vilivyo, hata kampuni kubwa wanasema hivyo.” Kusema kweli hakulizua. Kampuni ya Nintendo ilipotoa mashine yake ya gemu ya Switch mwezi Machi 2017, watu wakalalamikia nukta, na kampuni ikaeleza kwamba nukta chache zilizokwama au kufa ni tabia ya vioo vya LCD na hazihesabiwi kuwa kasoro. Kuna hata kiwango cha kimataifa, ISO 13406-2 cha mwaka 2001, ambacho baadaye nafasi yake ilichukuliwa na mfululizo wa ISO 9241. Kiliviweka vioo katika madaraja manne. Daraja la kwanza halikuruhusu nukta mbovu hata moja. La pili liliruhusu, kwa kila nukta milioni moja, mbili zinazowaka daima, mbili nyeusi daima, na sehemu tano mbovu za rangi moja moja. Kioo changu ni 1280 kwa 800, yaani nukta 1,024,000, na ukihesabu sehemu zake tatu tatu ni 3,072,000. Kwa hesabu ya daraja la pili, changu kilikuwa kimepita.

Lakini hoja yangu haikuwa hiyo, na naisimamia mpaka leo. Kiwango kile kinamwambia mtengenezaji kioo gani akitoe kiwandani. Hakifuti makubaliano ya watu wawili. Mimi nilisema kabla ya kulipa kwamba sitaki nukta, naye akakubali kwa maandishi. Nilimrudishia ujumbe wake ule ule, pamoja na video niliyoirikodi kizani ikionyesha nukta, kisha namba ya mashine, kisha namba hiyo hiyo kwenye boksi, bila kukata. Nikamwambia kwa upole kwamba Zanzibar tunayo Tume ya Ushindani Halali wa Biashara na kumlinda mtumiaji ni sehemu ya kazi yake, ila ningependa tumalizane wenyewe. Akanyamaza kidogo, halafu akaandika: “Irudishe kaka, nakubadilishia.”

Nataka kusema kitu kuhusu kupiga picha za ushahidi, maana hapa wengi wanashindwa. Simu ikiachwa ijiamulie yenyewe kizani, inaongeza mwanga mpaka nukta inakuwa ukungu. Gusa palipo na nukta ili kamera iitulizie, kisha punguza mwanga kwa mkono mpaka ukingo wake uonekane. Piga moja ya karibu na moja ya skrini nzima, ili ijulikane iko wapi.

Kabla mashine ya pili haijapakiwa nilimwomba kijana wa dukani aiwashe tukiwa kwenye simu ya video, nikamtumia picha zangu za rangi azipitishe zote. Hakukuwa na nukta. Ilipofika nikazima taa za chumba, nikaona jengine: pembe ya chini kushoto, kwenye skrini nyeusi, palikuwa na mwanga hafifu wa manjano. Hii ni kasoro ya aina nyengine. Taa zinazomulika nyuma ya kioo hiki zimepangwa ukingoni, na pale fremu inapobana zaidi mwanga hupenya. Usiuchanganye na ule mng'ao wa kawaida wa vioo vya IPS, aina ya LCD inayoonekana vizuri hata ukiitazama kutoka pembeni. Mng'ao unahama ukisogeza kichwa au ukirudi nyuma. Mwanga unaovuja haubanduki pale ulipo. Kamera pia huukuza kuliko macho yanavyouona, kwa hiyo picha za kutisha unazotumiwa na watu usiziamini zote.

Hii nimeamua kukaa nayo. Mchana haionekani kabisa. Usiku nikipunguza mwanga wa skrini karibu inaisha, na gemu ninazocheza hazina giza jingi pembeni. Nukta ya kijani katikati ya uwanja nisingeivumilia hata wiki. Pembe hii huwa naisahau. Kuna anayeweza kuniambia nilegeze skrubu za nyuma ili fremu isibane. Sitafungua mashine iliyo ndani ya dhamana.

Mwenye uwezo wa kuongeza pesa atazame za OLED, kama Switch ya Oktoba 2021 au Steam Deck ya Novemba 2023. Huko kila nukta inajiwashia mwanga wake, hakuna taa ya nyuma, kwa hiyo hakuna cha kuvuja na nyeusi ni nyeusi kweli. Ila nukta mbovu hata huko zinaweza kuwepo, na alama zinazokaa pahala pamoja muda mrefu, kama ubao wa magoli, zinaweza kuacha kivuli cha kudumu. Kupima kwa rangi tano kunabaki pale pale.

Jambo moja sijaridhika nalo. Gharama ya kuirudisha mashine Unguja nililipa mimi, ya kuja tena akalipa yeye. Ubovu ulikuwa wa mali yake, na mteja wa Pemba anaonewa akibebeshwa bahari kwa kosa asilolifanya. Nimemwambia hivyo, na safari ijayo naliandika sharti hilo pamoja na lile la kioo kabla sijatuma pesa. Mpwa wangu anataka ya kwake sikukuu ikija, na duka nitarudi lile lile.