Mizani za Bourgogne: tathmini ya ziara ya siku 7 kutoka Moshi

Mwezi Septemba mwaka jana tulisafiri watu 11, wengi wetu tukiwa watu wa kahawa kutoka Moshi na Machame, kwenda katika mashamba ya mizabibu ya Bourgogne, mashariki ya Ufaransa, kwa ziara ya siku 7 iliyoandaliwa na wakala mmoja wa Arusha. Tangazo lake liliahidi mvinyo na sanaa kwa pamoja. Nililisoma kwa mashaka, kwa sababu kazi yangu ni kuonja kahawa, na nimekwisha kuona neno sanaa likitumiwa mara nyingi kupandisha bei ya kitu cha kawaida. Gharama ilikuwa shilingi milioni 9.5, ikijumuisha ndege kutoka KIA kupitia Addis Ababa, hoteli, kifungua kinywa na viingilio. Viza, pamoja na safari ya Dar es Salaam kwa ajili ya alama za vidole, ilikuwa juu ya msafiri mwenyewe.

Kilichoifanya ziara hii istahili fedha zake ni mwongozaji, mama wa Kifaransa aliyewahi kufundisha historia ya sanaa, ambaye hakukubali kutenganisha mchoro na shamba. Kila tulipoingia mahali penye kazi ya sanaa alituuliza ni nani aliyeilipia, na kila tuliposimama shambani alituuliza ardhi ile ilikuwa ya nani hapo zamani. Baada ya siku 2 tukawa tunauliza wenyewe.

Mahali ambapo njia hiyo ilizaa matunda zaidi ni mji wa Beaune, katika Hôtel-Dieu, hospitali iliyoanzishwa mwaka 1443 na Nicolas Rolin, chansela wa mtawala wa Bourgogne, Philippe le Bon, pamoja na mkewe Guigone de Salins, wakati watu wa eneo hilo walikuwa wamechoshwa na vita na njaa. Mgeni hupokewa kwanza na paa la vigae vya rangi, ambalo kila mtu hulipiga picha, lakini jambo lenyewe liko ndani, katika ukumbi wa maskini, ambako vitanda vyenye mapazia mekundu vimepangwa kando ya kuta mbili, na mwisho wa ukumbi ni kanisa, ili mgonjwa aweze kufuata misa akiwa amelala. Juu ya altare ya kanisa hilo ndipo ulipowekwa mchoro wa Hukumu ya Mwisho wa Rogier van der Weyden, uliochorwa juu ya mbao katikati ya karne ya 15, wenye mabawa, yaani mbao za pembeni zinazofungwa kama milango, yaliyofunguliwa siku za Jumapili na sikukuu tu. Siku hizi umehamishiwa katika chumba chenye mwanga hafifu.

Katikati ya mchoro huo, chini ya Kristo, Malaika Mikaeli aliyevaa mavazi meupe ameshika mizani yenye mtu mdogo katika kila sahani, na sahani ya dhambi ndiyo iliyoshuka. Hakuna shetani hata mmoja. Waliohukumiwa wanakwenda motoni kwa miguu yao wenyewe. Mzee mmoja wa Machame, tuliyemwita Meku safari nzima, alisimama mbele ya mizani hiyo kwa muda mrefu kuliko sisi wote, kisha akauliza karani wake yuko wapi. Yeyote aliyewahi kupeleka kahawa katika chama cha msingi, akamshuku karani kuwa anachezea mizani, atalielewa swali hilo bila kuelezwa. Mwongozaji alipotafsiriwa alicheka, akamwomba Meku avumilie hadi kesho yake.

Kesho yake tulikwenda Autun, mwendo wa chini ya saa moja na nusu kwa basi dogo. Juu ya mlango wa kanisa kuu la Saint-Lazare kuna Hukumu ya Mwisho nyingine, iliyochongwa katika jiwe mnamo miaka ya 1130, ikiwa na maandishi ya Kilatini yanayomtaja Gislebertus kuwa ndiye aliyeifanya. Katika karne ya 18 wakuu wa kanisa waliiona kuwa mbaya, wakaifunika kwa plasta, na plasta hiyo ndiyo iliyoihifadhi hadi ilipofunuliwa mwaka 1837. Hapa pia roho zinapimwa, lakini upande mmoja kuna shetani mwembamba mwenye mbavu za kuhesabika, naye ameshika mkono wa mizani akiuvuta kwake. Meku alimwonyesha kwa fimbo yake, akasema, “Huyu hapa karani.” Sikumbuki somo la historia ya sanaa lililoniingia vizuri kuliko hilo.

Hospitali ya Beaune ilirithishwa mashamba na wafadhili kwa karne nyingi, na leo inamiliki takribani hekta 60 za mizabibu. Tangu mwaka 1859 mvinyo wake huuzwa kwa mnada, siku hizi ukiwa Jumapili ya tatu ya Novemba, ungali mchanga ndani ya mapipa, na fedha hurudi katika huduma ya wagonjwa. Kwetu sisi, watu wa mji wenye mnada wake wa kahawa, maelezo hayo yalizua mjadala ulioendelea hadi chakula cha usiku.

Mashamba yenyewe hayahitaji maneno mengi. Kila kipande, ambacho wenyeji hukiita climat, kina jina lake, mipaka yake na ladha yake, na vipande 1,247 vya aina hiyo viliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2015. Clos de Vougeot, shamba la hekta 50 hivi lililozungushiwa ukuta na watawa wa Citeaux, lilinyang'anywa kanisa wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, na sasa lina wamiliki wapatao 80, wengine wakiwa na mistari michache tu ya mizabibu. Wachaga waliogawana kihamba, yaani shamba la ukoo, cha babu walitikisa vichwa.

Kasoro zipo mbili. Ya kwanza ni ghala moja la mvinyo, ambalo sitalitaja, tulikoonjeshwa aina 7 kwa dakika 40 huku muuzaji akizungusha fomu za oda kabla hatujatema ile ya tatu; hakuna mwonjaji, awe wa kahawa au wa mvinyo, anayeweza kufanya kazi kwa mwendo huo. Ya pili ni nzito zaidi. Katika mji wa Dijon tulionyeshwa makaburi ya watawala wa Bourgogne katika jumba la makumbusho, lakini Kisima cha Musa kilirukwa ili tupate muda wa madukani, nami nikaenda peke yangu kwa basi. Kiko ndani ya uwanja wa hospitali ya magonjwa ya akili, na kina manabii 6 wa mawe waliochongwa na Claus Sluter kwa amri ya mtawala Philippe le Hardi, babu yake Philippe le Bon, wakiwa na nyuso za watu unaoweza kukutana nao sokoni. Mtawala huyohuyo ndiye aliyeamuru mwaka 1395 kwamba mizabibu ya aina ya gamay ing'olewe, ili kulinda sifa ya aina nyingine, pinot noir. Ziara inayouzwa kwa jina la mvinyo na sanaa haiwezi kumruka mtu aliyeshika vyote viwili mkononi.

Nimemwandikia wakala kuhusu hilo, naye amejibu kwamba Kisima kitaingia katika ratiba ijayo, itakayokuwa Novemba, wiki ya mnada. Mimi ningeshauri Septemba, kwa sababu ndipo tulipowakuta wavunaji shambani, na kwa sababu wiki ya mnada Beaune hufurika watu. Meku hakunisikiliza, amekwisha kulipa kianzio cha Novemba, akisema anataka kuona wanavyopiga bei.