Kozi ya dinacharya niliyolipia nikaishia kuitwa mvivu mbele ya watu: uzoefu wangu

Naandika hii hasira bado zipo, nimezisubiri zipoe zimekataa, basi wacha niandike hivohivo.

Ilikuwa wiki ya tatu ya kozi, ile ya kupanga mwenendo wa siku kwa tiba ya kale ya India, au ya nne, sikumbuki vizuri. Tuko laivu kwenye vidio watu kama arobaini hivi, kamera zote zimewashwa maana kocha alishasema asiyewasha kamera hayuko siriasi na afya yake. Mi nimetoka shifti ya usiku. Ni nesi wa wodi ya wazazi, na usiku ule tulikuwa na mama aliyevuja damu nyingi baada ya kujifungua, tulisimama naye mpaka kunakucha, namshukuru Mungu alipona na mtoto wake mzima. Nikafika nyumbani nikaoga nikafungua simu nihudhurie somo, sikutaka kukosa, nililipa hela yangu na nilikuwa nataka kweli kubadilisha maisha. Kocha anauliza mmoja mmoja, leo umeamka saa ngapi. Watu wanajibu saa kumi kocha, saa kumi na nusu kocha, wanapigiwa makofi. Ikafika zamu yangu nikasema ukweli, kocha mi sijalala bado, nimetoka kazini sasa hivi, nikimaliza hapa ndo nalala.

Akanambia, "Dada yangu, uvivu umeshakujaa mwilini. Anayelala jua limetoka huyo kafa imeshamzika. Kila mtu ana kisingizio chake." Kafa kwao ni nguvu ya uzito mwilini, nitaieleza mbele. Alafu akanizimia maiki. Nafungua mdomo nimjibu, naona kwenye skrini midomo yangu inacheza na sauti haitoki, na watu wote wale wananitazama, wengine wanacheka. Mi bado mikono inanuka spiriti ya wodini naitwa mvivu.

Nilizima simu nikalia. Siku ile hata usingizi wenyewe haukuja.

Sasa kwa ambaye hajui, dinacharya ni mwenendo wa siku kwa Ayurveda, tiba ya kale ya India. Dina ni siku, charya ni mwenendo. Kwamba unaamka saa hii, unafanya hiki kisha kile, chakula kikubwa kinaliwa mchana jua likiwa juu kwa sababu ndo wakati agni, yani moto wa kumeng'enya chakula, unawaka sana, jioni unakula kidogo, unalala mapema. Siku wameigawa kwa nguvu tatu wanazosema zinaendesha mwili: kuanzia saa 12 asubuhi mpaka saa 4 ni kafa, ile nzito nzito, saa 4 mpaka saa 8 mchana ni pitta yenye joto, saa 8 mpaka saa 12 jioni ni vata ya upepo, alafu usiku mzunguko unaanza upya. Kuamka ni kwenye brahma muhurta, kipindi kinachoanza dakika 96 kabla jua halijachomoza na kuisha zikibaki dakika 48. Hayo yote kocha anayafundisha vizuri sana, hapo simsingizii. Anajua kuongea yule mtu. Na ndo kinachoniuma, angekuwa anababaisha toka mwanzo ningeshaondoka zamani.

Maana niseme ukweli, vitu vyenyewe vilinisaidia. Kikwangulio cha ulimi kile cha shaba, kimepinda kama herufi U, unashika ncha zote mbili unavuta taratibu toka nyuma kuja mbele. Siku ya kwanza nilitoa utando mweupe mpaka nikashtuka, miaka yote hii napiga mswaki na kumbe ulimi nauacha vile. Kusukutua mafuta asubuhi ilinishinda, kichefuchefu, nikaacha (na ukijaribu usiteme kwenye sinki, mafuta yanaziba bomba, tema kwenye dastibini). Ila abyanga, kujipaka mafuta ya uvuguvugu mwili mzima kabla ya kuoga, hiyo jamani sitaiacha mpaka nife. Natia mafuta ya ufuta kwenye kichupa, kichupa nakiweka kwenye bakuli la maji ya moto, nakaa chini juu ya taulo la zamani naanzia nyayoni. Mtu anayesimama masaa kumi na mbili anajua nachosema. Nikivua soksi kuna mfereji umechimbika pale juu ya kifundo, nyama imevimba huku na huku, ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Napaka, kwenye maungio kwa mizunguko, kwenye mifupa mirefu navuta juu chini, nyayo nazikanda kwa dole gumba mpaka nahisi joto limepanda hadi magotini. Nikimaliza nikaoga maji ya moto nalala kama mtoto. Kabla ya hapo usingizi wangu wa mchana ulikuwa wa kuokoteza okoteza, saa moja, nashtuka, nusu saa, nashtuka.

Kwa hiyo mi sikuja hapa kuiponda Ayurveda. Nina hasira na mtu aliyeichukua akaifanya fimbo.

Kilichofuata baada ya ile laivu ndo kilinifungua macho. Kwenye grupu yetu kuna mama mmoja mtu mzima, kimyaa siku zote, akanifuata inboksi. "Pole mwanangu, usilie. Hicho alichokwambia hakimo kwenye vitabu." Akanitumia picha za kurasa za Ashtanga Hridaya, kitabu cha Vagbhata, kimoja ya vile vikubwa vitatu pamoja na cha Charaka na cha Sushruta. Kocha wetu kila somo lazima akitaje, sura ya pili ndo ya dinacharya. Mama akanambia soma hapa mstari wa kwanza kabisa, pole pole. Umeandikwa kwamba mwenye afya njema aamke brahma muhurta ili alinde uhai wake. Mwenye afya njema! Neno liko palepale mwanzoni, kwa hiyo mgonjwa na aliyechoka taabani wana habari yao nyingine. Kocha anausoma mstari ule kila wiki na lile neno analiruka.

Akanipeleka sura ya nne, kuna mambo 13 ya mwili ambayo mtu hatakiwi kuyazuia yakimjia. Kuna njaa, kiu, chafya, kukohoa, kupiga miayo, hata machozi, na usingizi umo. Usingizi umetajwa kabisa kwamba ukikubana usiuzuie, unaleta maradhi.

Alafu sura ya saba, hapa ndo nilisimama. Imeandikwa kwamba ambaye hakuzoea kukesha akakesha, asubuhi yake alale nusu ya muda ule aliokesha, na alale kabla hajala. Yani mtu wa zamani kule India, kabla ya umeme, kabla ya shifti, alishamfikiria mtu aliyekesha. Alinifikiria mimi. Akaniandikia cha kufanya, rudi nyumbani, usijaze tumbo, lala. Na usingizi wa mchana unakatazwa kweli kwa watu wengi maana unaongeza kafa, hapo kocha hakudanganya, lakini palepale wametolewa waliochoka kwa safari na kubeba mizigo, wazee, watoto, wenye huzuni. Kitabu kina huruma kuliko anayekifundisha.

Nikakusanya zile picha nikaziweka kwenye grupu kwa adabu kabisa, nikaandika kocha naomba ufafanuzi, mimi ni mwanafunzi naweza kuwa nimeelewa vibaya. Haikumaliza dakika tano zikafutwa. Nikaweka tena, zikafutwa tena, na nikaona grupu imefungwa, wanaandika maadmini tu. Hakuna aliyenijibu neno. Mtu anaweza kukutukana mbele ya watu arobaini ila kukujibu mbele yao hawezi.

Na kinachonikera zaidi, somo la kwanza kabisa la kutuvutia alituwekea habari ya Nobel ya tiba ya 2017, wale Wamarekani watatu Hall, Rosbash na Young waliopewa tuzo kwa kuonyesha saa ya ndani ya mwili inavyofanya kazi. Alisema mnaona, sayansi imekuja kukubaliana na wahenga. Sawa. Sasa kama unajua mwili una saa yake, ambaye saa yake imevurugika kuliko wote humu ndani si ni yule anayefanya kazi usiku? Tena anayefanya ili wewe na mkeo mkija saa nane za usiku mkute mtu yuko macho. Huyo ndo alihitaji msaada wako kuliko yule anayelala saa tatu akaamka saa kumi. Mi nililipa nisaidiwe na hilo. Kwenye fomu ya kujiunga waliuliza unafanya kazi gani, niliandika, nesi, zamu za usiku. Hawakusoma.

Ngoja niseme na hili kabla sijasahau. Ilipofika katikati ya kozi wakaanza vidonge, ati vya kusafisha mwili, kila mtu achukue, na akina dada wawili humo walishasema ni wajawazito. Niliuliza vina nini ndani nikaambiwa ni mitishamba tu dada, vitu vya asili. Mi ni nesi, hiyo kauli hainipiti. Kuna utafiti ulichapishwa 2008 kwenye jarida la chama cha madaktari Marekani, walinunua dawa 193 za Ayurveda kwenye intaneti wakazipima, takriban moja kati ya kila tano ilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Zebaki kwa mjamzito! Sikuchukua, na wale akina dada niliwaandikia pembeni wakaacha. Kujipaka mafuta na kukwangua ulimi ni kitu kimoja, kumeza kidonge usichojua kimetengenezwa na nani ni kitu kingine kabisa, naomba sana mtu asichanganye.

Sasa ratiba yangu ilivyo siku hizi, nimeitengeneza mwenyewe na yule mama, na niseme inanikaa. Kabla ya zamu nakula chakula changu kikubwa mapema jua lingali lipo. Usiku wodini sijazi tumbo, nabeba kichri kidogo kwenye chupa, ule mchele na choroko vilivyopikwa pamoja na binzari na samli, na maji ya moto nakunywa funda funda. Nikirudi sili. Naoga, nakwangua ulimi, mafuta kichwani, masikioni na nyayoni tu, maana vitabu vyenyewe vinasema hizo sehemu tatu zipewe kipaumbele na mi mwili mzima asubuhi ile siuwezi. Nafunga mapazia nalala. Siku za mapumziko ndo nafanya abyanga yote na mazoezi, nayo kwa nusu ya nguvu zangu kama ilivyoandikwa, jasho likitoka kwenye paji la uso naacha. Uvimbe wa miguu haujaisha ila umepungua, tumbo halijai gesi tena, na nimeacha kuwafokea wanafunzi wodini alfajiri, hilo wameliona wao kabla yangu.

Nikiandika haya najikuta nataka kumpa nyota tatu. Maana bila ile kozi nisingejua neno dinacharya, nisingekutana na yule mama, nyayo zangu zingekuwa zilezile. Alinifungulia mlango, siwezi kukana. Nimeshaandika tatu hapa juu nikazifuta, nikaandika mbili. Alafu nakumbuka ile midomo yangu inacheza kwenye skrini bila sauti. Nakumbuka na yule dada mwingine aliyesema anaamka usiku kunyonyesha mara nne akaambiwa ajipange vizuri, akatoka kwenye grupu siku ileile hakuonekana tena, na mi siku hiyo nilinyamaza sikumtetea, na hilo linanisumbua kuliko tusi langu mwenyewe. Dada kama unasoma hii nisamehe. Usingizi wako wa mchana ni halali yako.

Nampa moja. Ukitaka kujifunza dinacharya jifunze, ila mtafute mtu atakayekuuliza kwanza unalala saa ngapi na unaamka kwa ajili ya nani.

NYONGEZA: Wamenitafuta leo, msaidizi wake. Sikuombwa samahani. Amesema watanirudishia nusu ya hela nikifuta haya maandishi. Nimemwambia nimetoka zamu, naenda kulala, na siyafuti.