Rijksmuseum, Amsterdam: nilifuata picha kubwa, nikanasa kwenye ndogo

Mama alipokuja kutoka Tanga kunitembelea, nilimpeleka Rijksmuseum, jumba la taifa la sanaa na historia la Uholanzi. Tiketi nilishakata mtandaoni na kuchagua muda wa kuingia, maana ndio utaratibu wao. Chagueni saa 3 asubuhi, wanapofungua. Baada ya hapo watu ni wengi. Wako wazi kila siku ya mwaka, na aliye chini ya miaka 18 halipi kitu.

Jengo lilifunguliwa mwaka 1885, kazi ya Pierre Cuypers, na katikati yake inapita njia ya baiskeli chini ya matao. Mama alisimama pale akiwatazama kina mama waliopakia watoto wakikatiza chini ya jumba la sanaa, nusura muda wetu utupite.

Mimi nilikuwa na haraka ya kumfikisha kwenye picha ya "Lindo la Usiku" ya mchoraji Rembrandt, ya mwaka 1642. Ni kubwa kweli, karibu mita 3.8 kwa 4.5, na hapo imeshapunguzwa: mwaka 1715 waliikata kingo zote nne ili itoshee kwenye ukuta wa jumba la mji. Mama alikwenda moja kwa moja kwa binti mwenye gauni la njano. "Mbona huyu kafunga kuku kiunoni?" Kumbe makucha ya kuku yalikuwa alama ya kikosi cha wapiga bunduki waliochorwa pale. Wanajeshi wote wale, yeye kaona kuku!

Karibu na hapo ndipo alipo mjakazi anayemimina maziwa, aliyechorwa na Vermeer. Picha ina sentimita 45.5 kwa 41 tu. Msogelee. Ukutani kuna msumari na kivuli chake, na kwenye mkate kuna vidoti vya mwanga kama chembe za chumvi. Mwaka 2022 watafiti walitangaza kwamba nyuma ya mjakazi huyo Vermeer alikuwa ameanza kuchora rafu ya mitungi, akaifuta na kuuacha ukuta mtupu. Ndiyo maana jicho haliendi kwingine, linabaki kwenye ule uzi wa maziwa. Nikasema, "Mama, twende." "Subiri kwanza, mwanangu." Ameuza maziwa miaka mingi, akamtazama yule dada kama mtu anayemtazama mwenzake. "Anamimina kama mtu anayejua maziwa si yake."

Lakini picha ninayotaka msiikose ni ya Jan Mostaert, ya kati ya 1525 na 1530, iliyochorwa juu ya ubao unaokaribia kabisa ukubwa wa karatasi ya A4. Ni Mwafrika, peke yake, kavaa glovu, mkono uko kwenye mpini wa upanga, na mkoba wake umetariziwa. Kwenye kofia kuna beji ya mahujaji wa Bikira Maria wa Halle, mji ulioko Ubelgiji ya leo. Jina lake halijulikani kwa hakika, ila mavazi yanasema ni mtu wa heshima zake. Katika picha nyingi za Ulaya za zama zile Mweusi yuko pembeni, kashika sinia au mwavuli wa bwana. Huyu hakushika cha mtu. Nilisimama mbele yake mpaka koo likanikaba, na sioni haya kusema hivyo.

Vyumba ni 80, msijaribu kuvimaliza vyote kwa siku moja. Vaeni viatu vya kutembelea, na begi kubwa liacheni kwenye kabati za chini. Simu inaruhusiwa kupiga picha, bila flashi.

Jumba linaruhusu kupakua picha zake nyingi bure kwenye tovuti, tena kwa ubora mkubwa. Ile ya Mostaert niliichapisha kwenye A4, Mama akarudi nayo. Iko sebuleni Tanga, juu ya redio.