Hija ya Namugongo kutoka Mwanza: basi safi, ila hiyo zawadi ya "masalia" hapana!

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa! Karibuni tena, tuko Capri Point, upepo wa ziwa unapiga maiki, mnivumilie. Leo tunachambua kifurushi cha hija: Mwanza hadi Namugongo, Uganda, kwa basi, sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, waliouawa kwa ajili ya imani, tarehe 3 Juni. Habari za mashahidi 22 mlifundishwa tangu kipaimara, naziruka.

Basi lenyewe safi, na daraja la Kigongo–Busisi limetuondolea foleni ya kivuko. Mpakani Mutukula wanaokwama ni wale wasio na pasipoti au hati ya dharura ya safari, au kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo ichomwe siku 10 kabla ya safari, maana kadi haianzi kazi mpaka siku hizo zitimie.

Sasa tazameni kipeperushi. "Lipa mapema, upate masalia ya shahidi bure." Yaani mabaki ya mwili wake au vitu vyake. Jamani! Kanuni ya 1190 ya Sheria ya Kanisa inakataza kabisa kuuza masalia matakatifu. Bure gani hiyo inayokuja baada ya kulipa?

Kamera isogee hapa. Hiki ni chombo cha masalia, kitupu, cha kufundishia. Cha duara, kinaenea kiganjani, mbele kina kioo. Ndani hukaa chembe iliyobandikwa kwenye kitambaa, pamoja na kikaratasi chenye jina la mtakatifu kwa Kilatini. Pakiandikwa "ex ossibus", hiyo ni chembe ya mfupa. "Ex indumentis" ni ya mavazi yake. Sasa nakigeuza. Wengi hawaangalii huku nyuma, na kazi yote iko huku! Uzi huu wa hariri, mara nyingi mwekundu, hupishanishwa, kisha hugandishwa kwa nta yenye mhuri. Chukua hati yake ya uthibitisho, weka kando, linganisha: mhuri wa kwenye nta na wa kwenye hati lazima uwe mmoja. Uzi ukikatika au nta ikipasuka, mtu angeweza kufungua na kubadilisha kilichomo bila yeyote kujua. Usiunganishe kwa gundi! Mpelekee paroko, naye atakifikisha kwa askofu.

Kitambaa kilichogusishwa tu kwenye masalia kitunze kwa heshima, lakini asikwambie mtu kwamba ni mwili wa shahidi. Na mbele ya masalia tunainama, tunaweza kubusu. Kupiga goti ni kwa Ekaristi, hapo wengi tunachanganya.

Waliokuwa wananiuliza habari za meli: panda ya usiku mpaka Bukoba, kisha gari la Mutukula. Kinachonivutia ni kwamba unapita Kanisa Kuu la Bukoba, kwenye kaburi la Kardinali Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza kufanywa kardinali, mwaka 1960. Sali pale, omba. Ila mabaki yake hayawekwi kuheshimiwa hadharani kama masalia, kwa kuwa hajatangazwa mwenyeheri, ile hatua ya kabla ya kutangazwa mtakatifu. Nilianza na basi, lakini kwa mwenye nafasi ya siku mbili zaidi, naona meli inashinda.

Bei? Kabla ya kuuliza bei, uliza kama malazi yamo, maana mkesha wa sikukuu mahujaji wengi hulala nje uwanjani. Na tarehe 3 Juni yenyewe Misa iko nje, kando ya lile ziwa dogo, watu wamefurika. Altare ndani ya basilika imejengwa pale alipochomwa shahidi Karoli Lwanga mwaka 1886, na siku hiyo kuifikia ni shida. Anayetaka kukaa pale kimya nusu saa na rozari yake, aende siku nyingine, katikati ya wiki.

Jumapili baada ya Misa ya pili tuko mubashara, leteni maswali ya jumuiya zenu. Na waandaaji wa kifurushi hiki, najua mnatutazama: futeni ule mstari wa masalia, nami nitarekodi upya na kuwasifu kwa basi lenu.