Kanda za Mapigo ya Moyo Kwenye Saa ya Mazoezi: Uzoefu Wangu wa Kuzirekebisha

Saa ya mazoezi ninayoivaa ina mambo mengi ambayo watengenezaji wake huyatangaza, lakini lile ninalolitegemea kila ninapotoka kukimbia ni moja tu, nalo ni rangi inayonionyesha moyo wangu uko katika ukanda gani, yaani katika kiwango gani cha mapigo kwa dakika. Kijivu ni ukanda wa kwanza, bluu wa pili, kijani wa tatu, rangi ya chungwa wa nne, na nyekundu wa tano. Tathmini yangu ya saa hii, ambayo nimekaa nayo muda wa kutosha kuifahamu vizuri, inasimama juu ya jambo hilo. Jinsi ilivyotoka kiwandani, rangi zake hazikuwa na uhusiano wa karibu na moyo wangu. Tangu nilipoiwekea namba zangu mwenyewe, imekuwa kifaa ninachokiamini. Ninaeleza hapa nilichokibadilisha na sababu zake, kwa kuwa mipangilio hiyo imewekwa mahali ambapo watumiaji wengi hawafiki, na kijitabu kinachokuja na saa kinaigusa kwa mistari michache mno.

Saa hii inapowashwa mara ya kwanza humwuliza mwenyewe jinsia, urefu, uzito na tarehe ya kuzaliwa. Kisha huchukua 220, hutoa umri, na jibu linalopatikana hulihesabu kuwa mapigo ya juu kabisa ambayo moyo wa mtu huyo unaweza kuyafikia kwa dakika. Kutokana na namba hiyo kanda tano hupangwa: wa kwanza ni asilimia 50 hadi 60, wa pili 60 hadi 70, na kuendelea hivyo hadi wa tano unaoishia kwenye 100. Mimi nina umri wa miaka 47, kwa hiyo nilipewa 173, na ukanda wangu wa pili, ambao ndio wa mazoezi marefu ya taratibu, ukawa kati ya 104 na 121. Nikikimbia kwa mwendo mwepesi kabisa, huku nikizungumza na mwenzangu bila kukatiza sentensi, saa ilisoma 135, ikaniweka karibu na mwisho wa ukanda wa tatu, na kila mara ikatetemeka mkononi kunitaka nipunguze kasi. Nilipoitii hadi rangi ikawa bluu, sikuwa ninakimbia tena bali ninatembea. Pumzi, miguu na mazungumzo vilikuwa vikisema jambo moja, na saa ikisema jingine.

Kanuni hiyo ya 220 kutoa umri ina historia ambayo kila mwenye saa ya namna hii angenufaika kuijua. Kwa kawaida hunasibishwa na makala ya Samuel Fox na wenzake ya mwaka 1971, nayo haikuwa tunda la utafiti uliofanywa kwa kusudi la kuitafuta. Ilikuwa ni makadirio yaliyopatikana kwa kutazama takwimu zilizokusanywa kutoka katika tafiti mbalimbali za wakati huo. Mwaka 2001 Hirofumi Tanaka na wenzake walipendekeza kanuni nyingine, yaani 208 kutoa umri uliozidishwa kwa 0.7, na mwaka 2010 Martha Gulati na wenzake wakatoa ya wanawake, 206 kutoa umri uliozidishwa kwa 0.88. Kwa umri wangu kanuni ya Tanaka inatoa 175, tofauti ya mapigo mawili tu na ile ya zamani, na hapo ndipo unapoona kwamba kubadilisha kanuni si dawa. Zote ni wastani wa watu wengi, na mtu mmoja mmoja anaweza kuwa mapigo 10 au zaidi juu au chini ya wastani huo akiwa mzima kabisa wa afya. Niongeze hapa jambo ambalo wengi hulielewa kinyume: kuwa na mapigo ya juu kabisa yaliyo makubwa si dalili ya uimara, wala mazoezi hayayapandishi. Ni tabia ya moyo wa mtu, na hushuka polepole umri unavyosonga.

Basi niliamua kupima. Kipimo cha namna hii kinausukuma moyo hadi mwisho wa uwezo wake, na hakimfai mtu ambaye hajazoea mazoezi makali, mwenye ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu, au anayepata maumivu ya kifua au kizunguzungu. Mtu huyo aanze kwa daktari, na wakati mwingine kipimo kifanyike mbele ya wataalamu. Mimi nilikwenda kwanza kupata ushauri huo. Kisha nikavaa mkanda wa kifua, nikapasha mwili moto kwa mbio za taratibu kwa zaidi ya robo saa, nikatafuta mlima usio mkali sana, nikaupanda kwa nguvu kwa takriban dakika tatu, nikashuka polepole, nikarudia, na mara ya mwisho nikatoa kila nilichokuwa nacho. Namba ya juu iliyosomeka ilikuwa 186. Ni mapigo 13 zaidi ya yale niliyopewa na saa, na tofauti hiyo ndiyo iliyokuwa ikinigeuzia mbio nyepesi kuwa za wastani na za wastani kuwa kali.

Namba ya pili inayohitajika ni mapigo wakati wa mapumziko. Saa huyapima yenyewe usiku, na katika hili inafanya kazi nzuri sana, kwa kuwa mkono umetulia. Nililinganisha na hesabu ya vidole shingoni asubuhi kabla ya kuinuka kitandani, na zote mbili zikakaribia 52.

Ukiwa na namba hizo mbili unaweza kutumia njia ya akiba ya mapigo, iliyotokana na kazi ya Martti Karvonen na wenzake nchini Ufini mwaka 1957. Akiba ni mapigo ya juu kabisa ukitoa mapigo ya mapumziko. Kwangu ni 186 kutoa 52, yaani 134. Asilimia unayoitaka unaihesabu kwenye akiba hiyo, kisha unajumlisha tena yale mapigo ya mapumziko. Ubora wake ni kwamba inatambua kuwa moyo hauanzi kazi kwenye sifuri, na kwamba watu wawili wenye kilele kimoja, yaani mapigo ya juu kabisa yaliyo sawa, hawafanani ikiwa mmoja hupumzika kwenye 48 na mwingine kwenye 75. Katika saa yangu uchaguzi huu upo: unaweza kuiambia ihesabu kanda kwa asilimia ya mapigo ya juu kabisa, kwa asilimia ya akiba, au kwa asilimia ya mapigo ya kizingiti cha laktati, yaani pale ambapo laktati, zao la misuli inayofanya kazi kwa nguvu, huanza kujikusanya kwenye damu kwa haraka. Saa za Garmin nazo zina njia hizi tatu. Apple Watch, ambayo ilipata kanda za mapigo mwaka 2022 kupitia watchOS 9, toleo la mfumo unaoiendesha, hutumia akiba, husasisha kanda zenyewe tarehe mosi ya kila mwezi, na humruhusu mtumiaji kuziandika kwa mkono.

Hata hivyo, hapa ndipo panapohitaji utulivu zaidi, kwa sababu kubadilisha njia ya hesabu huku ukiacha asilimia zile zile hubadilisha maana ya kanda zote. Ukanda wangu wa pili, asilimia 60 hadi 70, ulikuwa 104 hadi 121 kwa kilele cha kiwandani. Ukawa 112 hadi 130 kwa kilele changu halisi. Na nilipochagua akiba ukaruka hadi 132 na 146. Ni mtu yule yule, moyo ule ule na jina lile lile la ukanda. Miongozo ya mazoezi inayotumia akiba kwa kawaida huhesabu asilimia 40 hadi 59 kuwa mazoezi ya wastani, na kuanzia 60 kuwa mazoezi makali, ambapo saa inaendelea kuziita asilimia 60 hadi 70 nyepesi. Mtu akikubali jedwali hilo bila kuliuliza, atatoka kwenye saa inayomzuia kukimbia na kuingia kwenye saa inayomchosha kila siku.

Kilichonisaidia kuamua ni kipimo cha mazungumzo, ambacho hakihitaji kifaa chochote. Mpaka wa juu wa mazoezi mepesi uko pale ambapo sentensi ndefu zinaanza kukatika kwa sababu ya kuhema. Nilikimbia kwenye njia tambarare nikipandisha mwendo kidogo kidogo na kusema sentensi kwa sauti, na nikaona kwamba hadi 138 hivi ninazungumza kwa raha, na baada ya 140 ninaanza kuchagua maneno. Kwa mpaka wa juu zaidi nilitumia kipimo cha dakika 30 kinachofahamika kutokana na kazi ya mkufunzi Joe Friel: unakimbia peke yako kwa nguvu unayoweza kuidumisha muda wote huo, na wastani wa dakika 20 za mwisho unakadiria mapigo ya kizingiti. Kwangu ulikuwa 165. Kisha nikaacha asilimia kabisa, nikaandika mipaka kwa mkono: ukanda wa pili 118 hadi 138, wa tatu 139 hadi 156, wa nne 157 hadi 166, na wa tano kuanzia 167. Kanda hizi hazilingani kwa upana, wala hakuna sababu ya kulingana. Kila mpaka sasa una jambo ninalolihisi mwilini linapotokea, na hiyo ndiyo sababu ninaitazama saa kwa imani.

Kabla ya kuandika namba hizo, jihakikishie kwamba kihisi kinasoma ukweli. Saa hii, kama nyingine nyingi za mkononi, humulika ngozi kwa mwanga wa kijani, ambao damu huufyonza kwa wingi, na kupima jinsi mwanga unaorudi unavyobadilika kila moyo unapopiga. Kwenye mbio za mwendo mmoja inasoma vizuri. Kwenye mbio za kasi za vipindi vifupi inachelewa, wakati mwingine kiasi kwamba kipindi kinakwisha kabla namba haijapanda. Baridi hupunguza damu kwenye ngozi na kuifanya isome chini, na michoro ya wino kwenye ngozi inaweza kuziba mwanga. Kasoro iliyonisumbua zaidi ni saa kushika mdundo wa hatua badala ya mdundo wa moyo: katika dakika za mwanzo za mbio nyepesi ilionyesha 170 na kubaki hapo, nazo ndizo hatua zangu kwa dakika. Kuivaa upana wa kidole juu ya mfupa wa kifundo cha mkono, na kukaza kamba kidogo wakati wa mazoezi tu, kulipunguza tatizo hilo sana. Mkanda wa kifua, unaosoma umeme wa moyo wenyewe na kuunganishwa na saa kwa Bluetooth, uliliondoa. Kwa vipimo vya kilele na kizingiti nisingeuamini mkono pekee.

Hili linahusiana na mpangilio mmoja ninaomshauri kila mtu auzime mapema, nao ni ule unaoiruhusu saa kugundua mapigo ya juu kabisa yenyewe. Kwenye saa yangu ulikuwa umewashwa. Siku moja kihisi kilisoma vibaya, saa ikapokea 201 kuwa kilele changu kipya na kupanga upya kila kitu bila kuuliza. Mpangilio huo hauko kwenye menyu ya mazoezi, ambako mtu angeutafuta kwanza, bali kwenye wasifu wa mtumiaji, chini kabisa ya uzito na urefu. Hapo hapo utakuta uwezo wa kuweka kanda tofauti kwa kila mchezo, nao una thamani, kwa kuwa wengi wetu hatufikii kwenye baiskeli mapigo tunayoyafikia tukikimbia.

Majina ya kanda ndiyo sehemu ninayoipa alama ndogo. Ukanda wa chini kuandikwa "kuchoma mafuta" kunawafanya watu waamini kwamba kuongeza kasi ni kupoteza faida. Ni kweli kwamba katika mwendo mwepesi mafuta huchangia sehemu kubwa zaidi ya nishati inayotumika, lakini nishati yenyewe kwa dakika ni ndogo, na kinachohesabiwa katika kupunguza uzito ni jumla.

Joto na upungufu wa maji hupandisha mapigo taratibu hata mwendo usipobadilika, hivyo mwishoni mwa mbio ndefu ninaruhusu namba ipande kidogo juu ya ukanda maadamu pumzi imetulia. Anayetumia dawa za kundi la beta bloka, zinazoshusha mapigo, asizifuate kanda zilizohesabiwa kwa umri, bali apange mipaka yake pamoja na daktari wake.

Jambo la mwisho ambalo mnunuzi ahitaji kulijua ni kwamba saa hii haihesabu upya mazoezi ya nyuma pale mipaka inapobadilishwa. Grafu zangu za zamani zimejaa kijani na chungwa, za sasa zimejaa bluu, na mtu asiyejua angedhani nimelegea. Kwa hiyo dakika za kila ukanda siziweki pamoja kati ya vipindi hivyo viwili. Ninapotaka kulinganisha ninatazama wastani wa mapigo na mwendo kwenye njia ile ile, ambavyo mabadiliko ya mipaka hayakuvigusa.